Lawama za Barabara za Nairobi

Wanafunzi wanaokuja kwangu kujifunza udereva hapa Nairobi, hata kabla hawajashika usukani, huja wakiwa na somo moja wanalolijua tayari: mkosaji barabarani ni matatu, yale magari madogo ya abiria. Nikimweka mmoja mbele ya ubao wa mji wa mfano, ule wenye barabara zilizochorwa na vigari vya kusogeza kwa mkono, akaingia kwenye mzunguko bila kumpisha aliye kulia kwake, namuuliza kosa ni la nani. Jibu huja upesi: yule mwingine angesimama. Somo hilo hakulianzisha yeye. Amelirithi, na urithi huo una historia ndefu katika mji huu.

Mwaka 1919 wenye magari wa Afrika Mashariki, wakati ambapo gari lilikuwa mali ya mlowezi, walianzisha chama chao cha kutetea maslahi yao. Mfanyakazi Mwafrika alitoka mitaa ya Pumwani au Kariokor kwa miguu, alfajiri, akaenda kazini na kurudi vivyo hivyo. Mabasi ya kampuni ya Kenya Bus Service (KBS) yalianza mwaka 1934, lakini nauli haikuwa ya kila mfuko. Barabara ikajengwa kwa kumtazama aliyeketi ndani ya gari, na anayetembea kando yake akahesabiwa kuwa kizuizi. Hapo ndipo cheo na haki ya njia vilipochanganyika. Mwenye gari alijiona mwerevu kwa sababu ana gari, si kwa sababu anaendesha vizuri.

Matatu zilizaliwa upande wa pili wa mji huo. Kufikia miaka ya mwanzo ya uhuru, watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, walikuwa wakisafiri kwa magari makuukuu yaliyotoza senti 30, nayo yalikuwa haramu, kwani KBS ndiyo iliyokuwa na kibali cha kubeba abiria mjini. Dereva wa matatu aliendesha jicho moja likiwa barabarani na jingine likimtafuta polisi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zifanye kazi bila leseni ya biashara ya uchukuzi. Sheria ya kuzitaka ziwe na leseni na kukaguliwa ikaja mwaka 1984. Katika miaka hiyo mlowezi alikuwa ameshamwachia Mwafrika kiti cha dereva wa gari la kibinafsi, na dharau ikabaki palepale kitini. Karani aliyenunua gari lake la kwanza alianza kuitazama matatu aliyoipanda mwaka uliotangulia kana kwamba imebeba wahalifu.

Kisha akaja John Michuki, waziri wa uchukuzi. Kanuni zake zilianza kutekelezwa Februari 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda, abiria 14 tu katika matatu ya aina ya Nissan, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na kondakta. Magari mengi yakaondolewa barabarani, na maelfu ya watu wakaenda kazini kwa miguu. Naziheshimu kanuni zile. Abiria walikuwa wakipakiwa kama magunia, na kuna walio hai leo kwa sababu ya mikanda ile. Lakini wenye magari ya kibinafsi walizipokea kama hukumu iliyotolewa kwa watu wengine. Kidhibiti mwendo hakikuwekwa kwenye gari la mwenye nyumba katika mtaa wa kitajiri wa Lavington, na yeye akaamini hakihitaji.

Hebu tuangalie wanaokufa. Katika takwimu za Kenya, mwaka baada ya mwaka, kundi kubwa zaidi ni la waendao kwa miguu, takriban theluthi moja au zaidi ya wote. Barabara ya Thika ilipofunguliwa upya mwaka 2012 ikiwa pana kupita zote nchini, watu waliendelea kugongwa wakivuka mahali ambapo daraja la miguu lilikuwa mbali au halijajengwa. Magari yanayowagonga si matatu peke yake. Hata hivyo, nikisikiliza mazungumzo ya wenye magari, aliyegongwa alikuwa mzembe na matatu ilikuwa ya kichaa. Mzungumzaji mwenyewe hana kosa.

Jambo hili limepimwa kwingine. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwahoji madereva 50 waliolazwa hospitalini baada ya ajali. Polisi walikuwa wamewapata 34 kati yao na makosa. Hata hivyo, walijipima kuwa madereva wazuri sawasawa na wenzao wasiokuwa na historia ya ajali. Mwaka 1981 mtafiti Ole Svenson aliwauliza wanafunzi wa Marekani wajilinganishe na wenzao kwa ustadi wa kuendesha. 93 kati ya kila 100 walijiweka katika nusu ya juu. Mtu anayejiona juu hukosa sababu ya kujichunguza, na kosa lisilochunguzwa hurudiwa.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba dawa ilipatikana ndani ya matatu zenyewe. Mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika vibandiko ndani ya matatu za safari ndefu, wakiwahimiza abiria wampigie kelele dereva anayewahatarisha. Madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Juhudi hizo zikazaa kampeni ya usalama barabarani iitwayo Zusha. Dereva tuliyemdharau kwa miaka mingi ndiye aliyewekewa watu 14 wa kumkosoa, na mwendo wake ukabadilika. Mwenye gari la kibinafsi huendesha peke yake, au na watu wanaomwogopa, wanaomtegemea au wanaomstahi mno kumkosoa.

Kwa hiyo darasani kwangu mwanafunzi hutaja kosa lake kwanza, kwa sauti, kabla ya kutaja la mwingine. Na akihitimu, namwachia agizo moja: siku mtoto wako atakapokuambia kutoka kiti cha nyuma, “Baba, unaenda mbio,” punguza mwendo kwanza. Ukitaka kubishana naye, subiri mfike nyumbani.