Sera za Mtoto Kwenye Vilima vya Umatengo

Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayojaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na papo hapo ni miongoni mwa mikoa yenye udumavu mkubwa wa watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Ruvuma walikuwa asilimia 35.6. Iringa, nayo nchi ya mahindi, ilivuka 56. Anayetaka kupima sera za serikali kuhusu mtoto aje huku kwenye shibe.

Msingi wa sera hizo ni Sera ya Maendeleo ya Mtoto ya 1996, iliyopitiwa upya mwaka 2008, na Sheria ya Mtoto ya 2009, inayomtambua mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18. (Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, mgongano ambao Mahakama ya Rufani iliuamua mwaka 2019 kwa kuagiza kifungu hicho kirekebishwe.) Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Vipaumbele vyake ni vitano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Afya ndiko ushindi unakoonekana. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 43 mwaka 2022. Sera inataka watoto wa umri huo watibiwe bure katika vituo vya umma. Lakini Umatengo, yaani kwenye vilima vya Mbinga mkoani Ruvuma, watoto hutibiwa pia na kanisa: hospitali ya Litembo ni ya Jimbo Katoliki la Mbinga, na katika hospitali za namna hiyo msamaha wa matibabu hutegemea mkataba na halmashauri, na halmashauri kulipa kwa wakati.

Lishe ni ngumu zaidi. Chini ya Mkataba wa Lishe, uliosainiwa upya na wakuu wa mikoa mbele ya Rais Septemba 2022, kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani. Mbinga mapato hayo huja kwa sehemu kubwa kutoka ushuru wa kahawa, kwa hiyo bei ikiyumba mnadani, fungu la mtoto nalo liko mashakani.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kinachopungua zaidi Litembo ni muda wa mama. Maharage yapo: ngoro, kilimo cha mashimo kinachoshika udongo kwenye miteremko, huanza na maharage na kufuatiwa na mahindi. Samaki si wa mbali, kwani usipa hukaushwa mwambao wa Ziwa Nyasa, uliokuwa sehemu ya Mbinga kabla Wilaya ya Nyasa haijaundwa mwaka 2012. Ila katika ngoro, kwa desturi, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba, na wanawake huchimba, hufukia na kupanda. Maharage yakivunwa, kahawa inasubiri kuchumwa. Mtoto wa miezi minane, ambaye tumbo lake dogo linahitaji kulishwa mara kadhaa kwa siku, hubaki na dada yake mwenye umri wa kwenda shule na sufuria ya uji wa asubuhi uliopoa.

Mapishi darasa ya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji yana faida yake, lakini humfundisha mama kupika chakula ambacho mara nyingi anakijua. Kinachomshinda ni kuwa nyumbani saa sita mchana. Ndiyo maana, katika programu yote ya 2021, ningetanguliza vituo vya kijamii vya kulelea watoto wadogo mchana, vyenye jiko na mlezi anayelipwa, na ningevifungua kwanza vijiji vya kahawa, miezi ya kuchuma.