Masjala za Handeni na Korogwe

Vijana wetu wanaosanifu programu za kutunza mafaili, ambao hushinda wakichora majedwali ya kanzidata na kubishana juu ya lebo, yaani namna ya kuliwezesha faili moja kubeba lebo nyingi na lebo moja kukusanya mafaili mengi, aghalabu hudhani kuwa mushkeli huo umezaliwa pamoja na kompyuta. Walakini mtu aliyepata kukaa katika masjala ya boma la wilaya, akamwona karani amesimama na barua mkononi hajui ailaze katika jalada lipi, anafahamu kuwa jambo hilo ni kongwe, na kwamba huko Handeni na Korogwe limeacha athari katika historia yenyewe ya nchi, kwa jinsi tunavyoweza, au tusivyoweza, kuisoma leo.

Wilaya hizo mbili ni jirani, bali tabia zao ni mbalimbali. Korogwe imelala kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga iliifikia mwaka 1902. Handeni iko kusini yake, katika nchi ya Wazigua, nchi ya mahindi na mtama ambayo reli hiyo haikuipitia, na ambayo mvua ikiikosa msimu mmoja tu watu huanza kuhesabu vibaba. Kabla ya Wajerumani khabari za nchi ile zilikaa vifuani mwa wazee, na katika barua za wafanyabiashara wa Pangani na Saadani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wajerumani walipotangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na kuwatumia maakida na majumbe waliojua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, wengi wao kwa elimu ya skuli ya Tanga, ndipo mtu wa kawaida wa Uzigua alipoanza kuwa na mahali pake katika karatasi ya serikali. Na mahali penyewe palikuwa pamoja tu, kwenye orodha ya walipa kodi, chini ya jumbe wake.

Waingereza walikuja na masjala. Sir Donald Cameron, aliyewasili kuwa Gavana mwaka 1925 na kuleta utawala wa kupitia machifu na wazee wa kikabila, alitaka maofisa wake waijue nchi wanayoitawala, na kwa hivyo kila wilaya ilitunza kitabu chake, ambamo bwana shauri mmoja baada ya mwingine aliandika khabari za makabila, mipaka, mila, nasaba za watawala na mambo ya mashamba. Vitabu vya Handeni na Korogwe vingali vikisomwa na wanachuoni hata leo. Lakini kitabu kilikuwa cha fahari. Kazi ya kila siku ilikuwa katika majalada, na utaratibu wake, ambao haukubadilika sana hata baada ya uhuru, unastahili kuelezwa. Barua ikiingia hupigwa muhuri wa tarehe, ikaandikwa katika daftari la barua zinazoingia. Kisha karani huisoma, huamua ni ya jalada lipi, huitoboa kwenye pembe, huipachika kwa kamba juu ya wenzake, na kuipa namba ya folio. Juu ya gamba la jalada kuna safu za kuandika linapelekwa kwa nani, kwa ajili ya folio ipi, tarehe gani, hata ukilitazama jalada lililozeeka unaweza kujua limepita mikononi mwa kina nani kabla hujalifungua.

Sasa, barua ni moja na kamba ni moja. Barua inayozungumzia mambo mawili haiwezi kulala katika majalada mawili, illa inakiliwe. Na karani hodari, badala ya kunakili, aliandika kikaratasi cha rejea, kisemacho kwamba kwa jambo hili tazama jalada namba fulani, folio namba fulani, akakipachika katika jalada la pili. Karani mvivu hakuandika kitu. Nami sioni ajabu kusema kwamba sehemu kubwa ya historia yetu ya wilaya imetegemea uhodari au uvivu wa watu hao, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Tuitazame miaka ya mwanzo ya 1930, ambapo nzige na uhaba wa mvua viliiandama Handeni wakati ule ule bei ya mkonge, mmea ambao Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, ilipokuwa imeporomoka duniani kote. Mzigua aliyeishiwa na mahindi alikuwa na mlango mmoja mashuhuri, nao ni kwenda mashamba ya mkonge ya Korogwe, kama Magunga au Ngombezi, akachukua kipande, ambacho ni kadi yenye nafasi 30, akakata majani, na kila alipoimaliza kazi ya siku nafasi moja ikatiwa alama, hata zikijaa zote ndipo alipwe. Wala siku hizo 30 hazikulazimika kufuatana, bali aliweza katikati kupumzika, kuugua, au kurudi kwao kulitazama shamba. Khabari za mtu huyu ni za jalada lipi? Njaa yake ni ya jalada la chakula, boma la Handeni. Jasho lake ni la jalada la kazi, upande wa Korogwe. Kodi yake, ambayo pengine ndiyo iliyomtoa nyumbani zaidi ya njaa, iko katika daftari la kodi. Na mkewe aliyebaki akilima na kuchimba mizizi ya mwituni hana jalada hata moja. James Giblin, Mmarekani ambaye mwaka 1992 alitoa kitabu juu ya siasa na mazingira ya kaskazini mashariki ya Tanzania tangu 1840 hadi 1940, ilimbidi ayasome makaratasi hayo na tena akae na wazee wa Handeni wamsimulie, kwa sababu kile ambacho kwa wenyeji kilikuwa jambo moja, serikali ilikigawa katika mafungu yake.

Miaka 40 hivi baada ya njaa ile, kanzidata za kompyuta nazo zilikuwa na tabia ya masjala: nyingi zilipangwa kama nasaba ya upande mmoja, kila kitu na mzazi wake mmoja. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alitoa makala iliyopendekeza khabari zote ziwekwe katika majedwali, na uhusiano wao ujulikane kwa thamani zilizomo, si kwa njia ya kuzifikia. Kwa msanifu wa programu ya lebo, maana yake ni hii: jedwali moja la mafaili, jedwali la pili la lebo, na la tatu la viungo, ambalo kila mstari wake una ufunguo wa faili na ufunguo wa lebo, basi. Jedwali hilo la tatu ni vile vikaratasi vya rejea, vimetolewa majaladani na kupangwa mahali pamoja. Nimeona wasanifu wakilikwepa, wakazirundika lebo zote za faili katika safu moja na kuzitenga kwa mkato. Nao hawakawii kujuta, maana anayetafuta "kazi" huletewa na "kazini", na siku lebo inapobadilishwa jina hulazimika kulipekua kila faili.

Tena lebo isiwe ndiyo ufunguo. Ofisi ya kuandikisha wafanyakazi wa mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 ilileta watu kutoka Kigoma, Songea na hata Rwanda na Burundi kwa namba, nao wakaitwa manamba. Jambo hilo lilikuwa la kudhalilisha, lakini karani wake alijua kuwa majina hufanana na hubadilika, na namba haibadiliki. Majina ya mahali nayo hayana utulivu. Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Hata majina ya vitu ni hivyo hivyo, maana mkonge wengine huuita katani. Vijiji vilihamishwa katika operesheni ya serikali ya miaka ya 1970 ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, vingine vikaondoka na jina na vingine vikaliacha. Na mwaka 2002 Kilindi ilikatwa kutoka Handeni ikawa wilaya mbali, jalada la zamani la Handeni likibaki limebeba khabari za watu ambao leo boma lao ni jingine. Msanifu akilipa faili lebo ya Kilindi bila kuiondoa ile ya Handeni amefanya sawa.

Lakini kuna lebo zinazokoma. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi bonde la Juba huko Somalia, na vizazi vyao vikaishi huko vikikihifadhi Kizigua. Vita vya mwaka 1991 vikawafukuza, baadhi yao wakarudi nchi ya mababu, wakawekwa Mkuyu wilayani Handeni, kisha tangu 2003 katika makazi ya Chogo, na wengi hatimaye wakapewa uraia wa Tanzania. Khabari zao ni za ukimbizi, za ardhi, za uraia na za Uzigua, zote kwa pamoja, ila si kwa wakati mmoja. Lebo ya ukimbizi ikifutwa siku mtu anapopokea cheti cha uraia, atakayezitafuta khabari hizo baada ya miaka 50 hataziona. Ikiachwa bila tarehe, mtu huyo atabaki mkimbizi ndani ya mashine mpaka kufa kwake. Kwa hivyo mstari wa jedwali la viungo huongezwa jina la aliyeitia lebo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma, na hii ya mwisho huachwa tupu hadi itakapohitajika.