Anayetaka kupunguza uzani atarajie nini kwa yoga?

WANAOTAKA kupunguza uzani huisikia yoga ikisifiwa kila upande: katika mabango ya vyumba vya mazoezi, katika vipindi vya asubuhi vya televisheni na kinywani mwa jirani anayedai kwamba sketi zake za zamani zimeanza kumwenea tena. Baadhi yao hulipa ada ya miezi mitatu, wakanunua na mkeka wa mpira. Wakipanda mizani baada ya wiki sita, wanakuta mshale uko pale pale. Hapo wengi hukata tamaa, wakaacha yoga na kila zoezi jingine.

Tatizo huanzia kwenye ahadi waliyopewa. Yoga ya kawaida haichomi mafuta mengi mwilini, na anayeianza akitarajia hivyo lazima avunjike moyo. Manufaa yake kwa mtu mnene yapo, tena yameungwa mkono kwa kiasi fulani na utafiti, ila hupitia njia nyingine: usingizi, wasiwasi, kasi ya kula na uwezo wa viungo kustahimili mazoezi mazito zaidi. Kwa sababu hiyo, yoga hufaa zaidi ikiwa sehemu moja ya ratiba yenye mambo mengine.

Suala lenyewe ni zito kuliko urembo. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya (KDHS) ulionyesha kuwa wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzani uliopita kiasi walikuwa asilimia 25 katika awamu ya 2008-09, wakafika asilimia 33 mwaka wa 2014. Awamu ya 2022, iliyohesabu wanawake wa kati ya miaka 20 na 49, iliwapata asilimia 45. Wanaume ni wachache kuliko hao, ingawa sisi tunaoketi mbele ya kompyuta hadi usiku wa manane tukisahihisha habari za wengine hatuna la kujivunia. Mafuta yanayojikusanya kiunoni huandamana na shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo. Kulingana na viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), hatari huongezeka sana kiuno kinapopita sentimita 88 kwa mwanamke na sentimita 102 kwa mwanamume.

Yoga asili yake ni India, na hapo kale haikuwa na uhusiano wowote na kitambi. Patanjali, anayetajwa kuwa mtunzi wa Yoga Sutra, aliandika machache mno kuhusu mikao ya mwili. Lililomshughulisha lilikuwa kutuliza akili. Mikao tunayoiona leo ilipata sura yake hasa katika karne ya 20, na mmoja wa walioisambaza ni Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha mjini Mysore katika miaka ya 1930. Wanafunzi wake waliipeleka mbali. B.K.S. Iyengar alichapisha kitabu Light on Yoga mwaka wa 1966, Pattabhi Jois akaeneza mtindo wa Ashtanga, naye Indra Devi alifungua shule Hollywood, Marekani. Mnamo Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Hapa Kenya, shirika la Africa Yoga Project lililoanzishwa jijini Nairobi mwaka wa 2007 limewafunza vijana wengi, wakiwemo wa mitaa ya mabanda, kuwa walimu wa mazoezi haya.

Mitindo hii haifanani, na tofauti zake zina uzito kwa mwenye nia ya kupungua. Hatha, kama inavyofundishwa katika madarasa mengi, huenda polepole. Mtindo wa Iyengar hutilia mkazo usahihi wa kila mkao na huruhusu kutumia viti, kamba na vipande vya mbao, jambo linalowafaa sana watu wanene na wazee. Ashtanga na vinyasa humfanya mtu ahame kutoka mkao mmoja hadi mwingine bila kusita, akifuata pumzi, na humtoa jasho. Ipo pia ile ya kupumzika, ambapo mtu hulala juu ya mito kwa dakika nyingi. Hiyo ya mwisho hutuliza, lakini asiyeijua akadhani amefanya mazoezi atajidanganya.

Hesabu ya kalori

Tuchukue mtu wa kilo 80. Akifanya hatha kwa saa nzima, mwili wake hutumia takriban kalori 200. Kati ya hizo, zipatazo 80 angezitumia hata kama angekaa kitako kwenye kochi, kwa hivyo faida halisi ni kalori 120. Saa moja ya mtindo wa nguvu humgharimu kalori 320 hivi. Kutembea kwa mwendo wa haraka, kiasi cha kilomita tano na nusu kwa saa, humgharimu karibu 340. Yaani kutembea kwa kasi, kusikolipiwa ada, hushinda hatha na kulingana na yoga ngumu.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Mtu wetu akihudhuria hatha mara tatu kwa wiki bila kubadilisha chochote katika sahani yake, atahitaji kama miezi mitano ili apoteze kilo moja. Hali ni tofauti akigeukia anachokunywa. Soda ya nusu lita ina kalori zaidi ya 200. Aliyezoea kunywa moja kila siku akiiacha, huokoa kwa wiki mara nne ya kalori anazochoma katika vipindi vyake vitatu vya yoga. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, sawa kabisa na ile faida ya saa nzima juu ya mkeka. Mpishi wa chapati anajua ni vijiko vingapi huingia kwenye kikaango.

Ukiishia kwenye hesabu hii utaona yoga haina maana. Hata hivyo, kuna matokeo ya utafiti ambayo hesabu hii haiwezi kuyaeleza. Mwaka wa 2005, watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson mjini Seattle, Marekani, walichapisha uchunguzi uliohusisha watu 15,500 wa umri wa miaka 53 hadi 57, wakilinganisha uzani wao na ule waliokuwa nao wakiwa na miaka 45. Wanene waliofanya yoga angalau nusu saa kwa wiki kwa miaka minne au zaidi walikuwa wamepungua kilo mbili na ushei. Wanene wenzao wasioifanya walikuwa wameongezeka kilo sita hivi. Nusu saa kwa wiki haiwezi kuchoma kilo zote hizo. Watafiti wenyewe walishuku kwamba yoga huwafunza watu kuusikiliza mwili, wakatambua wameshiba kabla ya sahani kwisha.

Ni kweli kwamba uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi chanzo. Huenda wanaopenda yoga ni watu waangalifu wa chakula tangu hapo. Lakini mwaka wa 2016 madaktari wa Ujerumani waliwagawa kwa kura wanawake 60 wenye vitambi: kundi moja lilifanya yoga kwa wiki 12 na jingine likasubiri zamu yake. Viuno vya waliofanya vilipungua kwa karibu sentimita nne zaidi ya vya waliosubiri. Si muujiza, lakini kwa mwanamke mwenye kiuno cha sentimita 91 hiyo ni tofauti ya kuvuka mstari wa hatari.

Maelezo yanayoaminika zaidi ni haya. Mtu asiyelala vya kutosha huamka na njaa kubwa, tena ya vitu vitamu na vyenye mafuta. Mwenye wasiwasi hula bila kuwa na njaa, hasa usiku, baada ya foleni ya magari na maneno ya mkubwa wa kazi. Pumzi ndefu za puani na kule kulala chali kwa utulivu mwishoni mwa kipindi huwasaidia wengi kulala vizuri zaidi. Isitoshe, tumbo huchukua kama dakika 20 kuufahamisha ubongo kwamba limejaa, na mlaji wa haraka huwa ameshaongeza sahani ya pili kabla ya habari kufika. Kisha kuna magoti na mgongo. Mtu wa kilo 100 akianza kwa kukimbia, anaweza kuumia kwa urahisi. Akianza kwa kuimarisha misuli ya mapaja na ya kiuno, ataweza kutembea mwendo mrefu, na hapo ndipo kalori zinapochomeka.

Ratiba ya wiki

WHO, katika mwongozo wake wa 2020, inapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kwa anayeanza, kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku tano kunatimiza kiwango cha chini. Anayesafiri kwa matatu anaweza kushuka vituo viwili kabla ya chake. Yoga iingie Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa dakika 30 au 40, kabla ya kiamshakinywa au saa mbili tatu baada ya mlo, kwa kuwa kuinama tumbo likiwa limejaa huleta kichefuchefu na kiungulia.

Mikao ya kusimama ndiyo inayomfaa mnene zaidi, kwani hutumia misuli mikubwa ya mwili. Katika mkao wa kiti, simama miguu ikiachana kwa upana wa nyonga, nyoosha mikono mbele, kisha kunja magoti kana kwamba unaketi kwenye kigoda kilichoko nyuma yako. Usishushe makalio chini ya kiwango cha magoti, na magoti yasielekeane. Vuta pumzi tano za taratibu, simama, pumzika, rudia mara tatu. Siku ya kwanza mapaja yatatetemeka. Mkao wa mbwa anayeinamisha kichwa, unaobebesha viganja uzani wa mwili, huumiza vifundo vya mikono vya mtu mzito; afadhali aweke viganja ukutani au juu ya meza imara, arudi nyuma hatua mbili na kuinama hadi mgongo unyooke. Kwa mkao wa daraja, lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage sakafu, kisha inua nyonga polepole ukivuta pumzi. Asiyeweza kuzifikia nyayo zake atumie leso iliyokunjwa kwa urefu kama kamba. Malizia kwa kulala chali dakika tano, macho yakiwa yamefumbwa. Wengi huiruka sehemu hii kwa kuona ni uvivu, nayo ndiyo inayosaidia usingizi.

Mkeka wa ukindu huteleza juu ya saruji, hivyo usiutumie kwa mikao ya kusimama. Miguu mitupu juu ya sakafu kavu inatosha.

Jihadhari na madarasa ya yoga ya joto, mtindo uliopata umaarufu kupitia Bikram Choudhury, ambapo chumba hupashwa moto hadi nyuzi 40. Mtu hutoka humo amepungua kilo nzima, naye hufurahi. Kilo hiyo ni lita moja ya maji, na itarudi pindi atakapokunywa. (Wakazi wa Mombasa mwezi Februari hawahitaji kulipia huduma hiyo.) Wajawazito na wenye maradhi ya moyo wasijaribu.

Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au ugonjwa wa macho wa glakoma aepuke mikao ya kichwa chini, maana huongeza mgandamizo machoni. Anayedungwa insulini au kumeza dawa za kuteremsha sukari amwone daktari kwanza, kwa sababu mazoezi huishusha sukari zaidi. Mwalimu anayekusukuma mgongo ili uiname zaidi huku unalalamika, mwache.

Wapo wanaosita kwa ajili ya imani, na si haki kuwadharau. Baraza la fatwa la Malaysia lilitangaza mwaka wa 2008 kwamba yoga iliyochanganywa na ibada na ukariri wa mantra haiwafai Waislamu; siku chache baadaye waziri mkuu wa wakati huo, Abdullah Ahmad Badawi, akafafanua kuwa mazoezi ya mwili pekee, bila ukariri, yangeweza kuendelea. Nao Wakristo kadhaa wana shaka kama hiyo. Anayesumbuka moyoni amuulize mwalimu kabla ya kulipa iwapo kuna ukariri wowote darasani, au afanye kunyoosha viungo nyumbani. Misuli haijui jina la zoezi.

Kuhusu kujipima, mizani peke yake hudanganya mtu anayejenga misuli. Azima utepe wa fundi cherehani, uuzungushe tumboni katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, asubuhi kabla ya kula, ukiwa umetoa pumzi bila kulivuta tumbo ndani. Andika nambari hiyo na tarehe, kisha usijipime tena hadi mwezi uishe.