Karata, Kompyuta na Vijana wa Mukuju

Kila mara kuna mtu anauliza kwa nini kituo chetu cha vijana hapa Mukuju kina karata. Juzi mgeni mmoja alitukuta chini ya mwembe, akaandika kwenye daftari lake eti vijana "wanakaa bure." Sikubishana naye. Nimeandika haya ili siku akirudi nimpe asome.

Karata si za jana. Neno lenyewe Waswahili walilipata kwa Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698. Wareno walienda zao, maneno yakabaki: shupaza, kopa, uru, pau, na turufu, ile inayokula zote.

Sisi hapa tunacheza matatu. Kila mtu anagawiwa karata saba, na ukitupiwa mbili unaokota mbili. Mwanzoni mwa 2008, Wakenya waliokimbia vurugu za uchaguzi walivuka Malaba na Busia, na wengi wao wakapokelewa Mulanda, humu humu wilayani Tororo. Mimi nilikuwa mtoto. Kaka yangu aliwafuata vijana wenzake akawaambia, "Tucheze matatu." Wakacheka sana, maana kwao matatu ni gari la abiria! Mchezo kama huo walikuwa nao, ila wao hugawa karata nne, na kabla ya kumaliza lazima useme "niko kadi." Wakabishana nusu siku. Mwisho wakakubaliana: leo sheria zenu, kesho zetu. Kaka anasema alipata marafiki kabla hajajua majina yao.

Sasa kompyuta zinaingiaje hapa? Mwaka 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa chesi. Mwaka huo huo yakaanza mashindano ya dunia ya kompyuta zinazocheza briji. Briji ni karata za watu wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja na karata 13. Mmarekani Harold Vanderbilt aliupa mchezo huo sura yake ya leo mwaka 1925, akiwa safarini melini. Ungedhani kompyuta ingeumaliza upesi. Wapi! Kwenye chesi kila kitu kiko wazi ubaoni. Kwenye briji karata nyingi zimefichwa, na unakisia za mwenzako kwa anavyonadi na anavyotupa.

Miaka 25 ikapita. Machi 2022, mjini Paris, programu ya NooK iliwashinda mabingwa wanane wa dunia, ikachukua raundi 67 kati ya 80. Lakini sehemu ya kunadi iliondolewa. Na kunadi ndiko kuelewana na mwenzako bila kumwonyesha ulichoshika.

Hilo ndilo vijana wetu wanafanya kila jioni. Kijana anafika kutoka mbali, hasemi aliyoyaona njiani, na wewe humuulizi. Unamgawia karata. Kwa anavyocheza unaanza kujua kama ana hasira, kama bado anaamini watu. Mmoja alikaa nasi wiki tatu bila kuongea. Neno lake la kwanza lilikuwa "niko kadi." Wote tulinyamaza, halafu tukapiga makofi, na alikuwa ametufunga kweli.

Sitadanganya, karata zina ubaya wake. Pesa ikiwekwa mezani, marafiki wanageuka maadui. Nimeona mtu akipoteza simu kwa mchezo mmoja. Kwa hiyo kituoni sheria ni moja: hakuna pesa. Anayetaka kuweka dau aende kwingine.

Basi mgeni wetu, ukirudi karibu sana. Weka daftari pembeni kwanza, uketi. Tutakugawia saba.