Kipya Kinyemi: Nguo za Kesho Zilizopita Tabora

Mjukuu wangu alipokuja likizo hapa Chemchem alinionyesha katika simu yake onyesho la mavazi lililofanyika Paris mwezi Septemba 2022. Mwanamitindo Bella Hadid alisimama jukwaani karibu uchi. Mafundi wakamnyunyizia mwilini kimiminika cheupe, kama watu wanaopuliza dawa ya mbu. Kikaganda, kikawa kitambaa, naye akaondoka amevaa gauni.

"Babu," akaniambia, "hizi ndizo nguo za kesho."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo nilikwisha kuyasikia ujanani, na siku ile sikucheka. Lakini kabla sijaungama nililolitenda, ndugu msomaji, niruhusu nikurudishe nyuma kidogo, kama ilivyo desturi ya walimu. Maana mji wetu huu ulijua maonyesho ya mavazi zamani sana.

Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, makazi ya wafanyabiashara Waarabu ambayo leo yamo katika eneo la Tabora. Burton ameeleza jinsi msafara ulivyojipamba ulipokaribia mji. Wapagazi walivaa nguo nzuri walizozitunza njia nzima, pembe zikapulizwa, bunduki zikalia. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, ndiye aliyependeza kuliko wote, kwa joho lake jekundu na manyoya kichwani. Watu walitoka majumbani kutazama. Kama hilo halikuwa onyesho la mavazi, basi sijui onyesho ni kitu gani.

Na katika mizigo yao walibeba nini? Sehemu kubwa ilikuwa nguo na shanga. Kitambaa kilichotawala njia ile kiliitwa merikani, kwa kuwa kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za Salem, hasa baada ya Sultani Seyyid Said kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Kulikuwa pia na kaniki, na shanga zilizotengenezwa Venice, ambazo Burton alihesabu aina zake zipatazo 400.

Huenda ukadhani kwamba watu wa bara walipokea chochote walicholetewa. La hasha! Mwaka 1871 Henry Stanley, alipokuwa Unguja akijiandaa kumtafuta Livingstone, ilimbidi ajifunze jambo hili kama mwanafunzi. Aliambiwa kwamba Unyamwezi shanga nyekundu za samesame zitapokelewa na nyingine zitakataliwa. Kwamba shanga nyeusi ni mali Ugogo lakini kwingineko si kitu. Kwamba zile kubwa zinazopendwa Ujiji hazina mnunuzi mahali pengine. Aliyekosea hesabu hiyo alibebesha watu mzigo kwa miezi, akafika na takataka. Kwa hiyo mwanamke wa Unyanyembe, ambaye hakupata kuiona bahari, ndiye aliyemwamuru tajiri wa pwani, na tajiri wa pwani akamwamuru fundi wa Ulaya.

Sisemi kwamba uchaguzi ule haukuwa na gharama. Wanyamwezi walikuwa wakilima pamba na kufuma nguo zao wenyewe. Burton aliviona vitanda vyao vya kufumia. Nguo za viwandani zilipozidi kuingia, ufundi huo ulififia. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Sasa nije kwenye rula yangu. Mwaka 1964 mbunifu André Courrèges alionyesha Paris mavazi aliyoyaona yanafaa zama za safari za angani: meupe, mafupi, na suruali za kung'aa kama fedha. Mwaka 1966 Paco Rabanne akafuata na magauni 12 ya plastiki na madini. Plastiki haikutufikia, ufupi ulitufikia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia Januari 1, 1969 vimini, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua vitapigwa marufuku Dar es Salaam. Huku kwetu wengine hatukungoja kuagizwa.

Nilikuwa kijana wa shule, nina rula ya futi moja na ari ya kujenga taifa. Asubuhi moja alipita binti ya shangazi yangu, amevaa gauni jeupe lililoishia juu ya magoti, alilojishonea mwenyewe kwa kutazama picha ya gazeti. "Kaka," akasema kwa furaha, "hizi ndizo nguo za kesho." Nilimpima mbele ya watu, nikamrudisha nyumbani. Alikuwa akienda kwenye usaili wa mafunzo ya ukarani. Alipokwisha kubadili nguo na kufika, mlango ulikuwa umefungwa.

Jioni nilimweleza bibi yangu habari hiyo kama mtu anayengoja sifa. Bibi alishika shanga zake nyekundu shingoni, akasema, "Mjukuu wangu, hizi unazoziita za mila zilikuja mabegani mwa watu. Mama yangu alizichagua. Nani alimpima?"

Binamu yangu akawa fundi cherehani, na kwa miaka mingi aliwashonea sare wanachuo wangu wa ualimu. Nilimlipa fedha zake kila mara, lakini neno moja nililokuwa na deni nalo sikulitoa. Baada ya picha zile za Paris nilikwenda kwake, nikamwomba radhi. Alizima cherehani.

"Gauni lile nililifumua, kaka," akasema. "Kitambaa hakikupotea. Kilichopotea ni ule usaili."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nguo ya kunyunyizia inaweza kufika Tabora, au isifike kamwe. Ikifika, mabinti wa Chemchem wataishika, wataigeuza, na watasema wanaitaka au hawaitaki, kama walivyofanya bibi zao wakuu mbele ya mizigo ya shanga. Kazi yetu wazee ni kuwasimulia gharama waliyolipa wafumaji wetu, ili wakichagua wachague kwa kujua. Tukimaliza kusimulia, tuiweke rula mezani. Mimi nilichelewa kuiweka, na aliyelipia kuchelewa kwangu hakuwa mimi.