Kilwa Tatu na Sisi Tuliokuja

Mgeni anayefika Kilwa Masoko kwa basi kutoka Dar es Salaam huuliza swali moja kabla hajamaliza kushusha mizigo: Kilwa yenyewe iko wapi? Nasi tuliuliza. Shuleni tulisoma habari za Kilwa, dhahabu ya Sofala, masultani na sarafu zao za shaba. Kumbe tumeteremka katika mji wa barabara chache, wenye ofisi za wilaya, soko, kiwanja kidogo cha ndege, na bahari karibu kila unapogeuka. Kijana wa bodaboda alituelekeza kwa kidevu, ng'ambo ya maji. "Ile pale. Hapa ni Masoko."

Kilwa ziko tatu. Ya Kisiwani ndiyo ya kale, ya Kivinje ilifuata, na ya Masoko ndiyo ya mwisho. Sisi tuliotoka Dar es Salaam, kutoka usharika wenye ibada tatu kila Jumapili na kwaya zinazogombea zamu, tulidhani kushuka kutoka mji mkubwa kwenda mdogo ni jambo lililotupata sisi peke yetu. Ilituchukua muda kutambua kwamba tumehamia mahali ambapo watu wamelizoea jambo hilo kwa miaka 500.

Ibn Battuta alipita Kisiwani mwaka 1331 akausifu mji ule, na zaidi ukarimu wa sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman. Sultani huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia moja juu ya genge, lenye birika la kuogea la pembe nane. Sarafu za Kilwa zimeokotwa hadi visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Halafu mwaka 1505 Wareno wakaja na merikebu za Francisco de Almeida, wakateka mji, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka. Mwaka 1587 Wazimba waliua watu wengi kisiwani. Mji haukufa siku moja. Ulipungua kama mtumbwi unaovuja, watu wakiendelea kukaa ndani yake na kukomba maji.

Tulipovuka mara ya kwanza kwa mashua tulitarajia kuona mawe matupu. Mawe yapo, na Msikiti Mkuu wenye makuba yake humnyamazisha hata mtu mwenye maneno mengi. Lakini kuna kijiji pia. Kuna mama anayeanika dagaa, kuna watoto wanaorudi shule, kuna mzee anayeshona jarife kivulini. Wageni wa UNESCO wanaijua Kisiwani kwa magofu, yaliyoandikwa katika urithi wa dunia tangu 1981. Wanaokaa pale wanaijua kwa visima vyake na mashamba yake. Hatukuwa tumefikiri kwamba mji mkubwa ukiondoka, wako wanaobaki na kuendelea kuuita kwao.

Kivinje ni habari nyingine, na kwetu sisi Wakristo ni nzito. Tayari mwaka 1776 sultani wa Kilwa alikuwa amefanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Biashara ilipokua ikahamia bara, mahali misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilipoishia, na Kivinje ikawa mji. Katika miaka ya 1860 watu karibu 20,000 kwa mwaka walipitishwa Kilwa kupelekwa Unguja na kwingineko. Ukisimama leo ufukweni Kivinje, mbele ya boma la Wajerumani linalobomoka na milango ya nakshi iliyopauka, utaona mahali patulivu sana. Tulipapenda siku ya kwanza kwa sababu ya utulivu ule. Siku ya pili, tulipokwisha kuambiwa, hatukujua tuutazame kwa macho gani.

Hata hivyo ni rahisi kwa mchungaji kusimulia utumwa, maana katika hadithi hiyo tumejizoeza kujiweka upande wa waliokomboa. Mwembe ndio mgumu. Septemba 1888 watu wa Kivinje waliinuka wakawaua maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga hapa Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga katika nchi hii ya Kilwa. Ukaitwa Mwembe Kinyonga, na jina hilo la Kinyonga ndilo linalobebwa na hospitali ya wilaya, ambako sisi huenda kuwaombea wagonjwa. Miaka 3 tu baada ya kunyongwa kwa Makunganya, kule Dar es Salaam ulianza ujenzi wa kanisa la Azania Front, lililokamilika mwaka 1902. Wengi wetu tumepiga picha za harusi mbele ya mnara wake. Ni utawala ule ule. Wamisionari wa Berlin waliofika Dar es Salaam mwaka 1887 hawakunyonga mtu, na tunamshukuru Mungu kwa Injili waliyoleta. Lakini walikuja na merikebu zile zile, na mzee wa Kivinje anayetuona tumevaa kola hana wajibu wa kututenganisha na wengine. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipowaka katika milima ya Matumbi, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini na wenzake wanne walikuwa wametoka pwani ya Kilwa wakielekea bara. Hawakutenganishwa. Waliuawa njiani.

Kuna wahamiaji wengine wa pwani hii ambao huwa tunawafikiria. Mwaka 1876, miaka 3 baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa, Askofu Edward Steere wa misioni ya Kianglikana alishuka Lindi na kundi la watu waliokombolewa, wanaume kwa wanawake. Walikuwa wamekaa Unguja, wengine katika shamba la misioni pale Mbweni, nje kidogo ya mji. Nia ilikuwa kuwarudisha kwao, upande wa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona ardhi nzuri na maji, wakaomba kukaa hapo hapo. Tunajaribu kuwaona. Njia waliyoshukia, wakiwa na minyororo, ilielekea bahari hii hii. Sasa wanaipanda wakiwa huru, wamezoea maisha ya mji wa pwani, na wanachagua mahali pasipo kwao walikozaliwa wala kwao walikolelewa. Mwaka 1882 Wamagwangwara waliwavamia na kuwachukua baadhi yao mateka. Waliosalia wakatawanyika, wengine wakaenda Newala na Chauncy Maples. Mji wa Masasi upo hadi leo.

Masoko ilikuja mwisho, serikali ilipohamisha ofisi za wilaya kutoka Kivinje katikati ya karne ya 20. Ni mji wa ofisi, na usharika wetu ni wa watu wa ofisi: walimu, wauguzi, polisi, watu wa benki, wengi kutoka Kilimanjaro, Iringa, Mbeya na Bukoba. Zamani kuhamishiwa kusini kulikuwa kama adhabu. Masika ilipofika barabara ilikatika, na kivuko cha Ndundu pale Rufiji ndicho kilichoamua nani afike Dar es Salaam na lini. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na sasa mtu hula chai Masoko akala chakula cha jioni Dar es Salaam. Ni baraka. Pia imetuwezesha kuishi hapa bila kuwapo. Ijumaa jioni nusu ya usharika iko ndani ya basi. Tulihesabu miezi ya kukaa kama mfungwa anavyohesabu, tukasali kila juma kuombea "uhamisho wa baraka", na hakuna aliyeona ajabu, maana mchungaji ndiye aliyekuwa akiongoza sala hiyo.

Kisha mtoto wa mmoja wetu akafariki, na desturi yetu sisi watu wa bara inajulikana: mwili huenda nyumbani, hata kama nyumbani ni siku mbili njiani na mkopo wa mwaka mzima. Wazazi walikaa kimya usiku kucha. Asubuhi baba akasema, "Azikwe hapa." Sisi wazee wa kanisa tukatazamana. Hatukuwa na makaburi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefikiri kufia Masoko.

Walioinuka ni majirani, Waislamu wote. Vijana walichukua majembe kabla hatujaomba, kina mama wakaleta mikeka na uji. Jirani yetu mvuvi, ambaye mpaka leo hutuita "Padri" ingawa tumemweleza mara nyingi, alizungumza na wenzake, nafasi ikapatikana. Tulizika saa kumi. Wao walisimama kando kwa adabu mpaka tukamaliza liturgia, kisha wakasaidia kufukia. Tulikuwa tumekaa miezi 14, na kati ya wale vijana tulimjua jina mmoja tu.

Jumapili iliyofuata tulihubiri juu ya Abrahamu, Sara alipokufa. Mwenye ahadi ya nchi nzima alilazimika kuinuka mbele ya wenyeji na kukiri kwamba ni mgeni, anaomba mahali pa kuzikia. Walitaka kumpa bure, naye akasisitiza kulipa fedha kamili. Tulikuwa tumelihubiri somo hilo mjini kama habari ya imani katika ahadi. Hapa tulilisoma kama habari ya mtu anayeomba kiwanja, na kila aliyekuwa kanisani alijua kiwanja gani.

Baada ya ibada wazee walikubaliana tununue makaburi. Jioni tulikwenda kwa yule jirani, tukamwamkia, tukaeleza haja yetu na kwamba tutalipa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kidogo kushona wavu wake.

"Kwa hiyo mnakaa," akasema.

Tulijibu kwamba tunakaa. Akamwita mjukuu wake alete kiti kingine.