Kata ya Picha ya Ndege na Ngazi za Utawala Wake
Picha ya Ndege ni kata ya Kibaha Mjini, makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Wilaya ya Kibaha ina halmashauri mbili: ya mjini, iliyo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, na ya wilaya, yenye makao yake Mlandizi, iliyo chini ya Sura 287. Hivyo, mkazi wa Picha ya Ndege huanzia ofisi ya mtaa, si ya kijiji, na shauri lake haliendi Mlandizi. Mwenyekiti wa mtaa na diwani huchaguliwa kila baada ya miaka 5, watendaji huajiriwa. Diwani huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata na kuiwakilisha kata katika Baraza la Madiwani, linalopitisha bajeti na sheria ndogo.